Friji la Milango Miwili

Jumapili mchana Benita alinifuata nje, kwenye kivuli cha bati, nikiwa napiga kiwi buti zangu za ulinzi. Huyu binti yangu ana miaka kumi na mitano. Alilelewa Ngara kwa bibi yake, nikamleta hapa ugenini kusini, mtaa wa mabati wa Diepsloot, baada ya mama yake kufa, na sasa ni mwaka wa pili. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini yeye alikuja na kitabu cha historia.

"Baba, hebu niangalizie hii. Mwalimu Lerato kanipa mbili kati ya kumi."

Ilikuwa picha ya Marekani, ya miaka michache baada ya ile vita kuu ya pili. Mama wa Kizungu, shanga shingoni, viatu vya kisigino, kafungua friji limejaa mpaka juu. Anacheka. Swali linauliza: picha hii ni ushahidi wa nini kuhusu maisha ya Wamarekani wa wakati ule? Benita alijibu kwamba walishiba na wanawake wao walikuwa na furaha.

"Mwalimu anasema kwanza uulize nani kaipiga, kwa ajili ya nani, na nini kimeachwa nje."

Nikaweka buti chini. Nimelinda maduka miaka kumi na minne. Kusoma sijui vizuri, kuangalia najua.

"Chupa zote zimegeuza nembo mbele," nikamwambia. "Nyumbani kwa nani chupa zinasimama gwaride? Na huyu mama hajapika leo, mtu anayepika hana mikono hiyo. Hapa wanauza friji, mwanangu."

"Kwa hiyo ni uongo?"

"Uongo nao ni ushahidi. Unakuonyesha watu walikuwa wanatamanishwa nini. Na yule anayelisugua hilo friji yuko wapi? Hayumo."

Akacheka. "Eish, Baba. Kumbe profesa wamemweka getini."

"Ndivyo wakubwa wanavyotupanga."

Akaandika haraka haraka, kisha akachomoa picha nyingine katikati ya kitabu. "Sehemu ya pili. Linganisha na picha ya familia yako."

Niliijua kabla hajaigeuza. Evarista, mke wangu, kavaa kitenge cha njano, kasimama kando ya friji la milango miwili, kiganja mlangoni. Anacheka. Picha hiyo ilikaa ukutani kwa mama mkwe miaka yote. Benita alimjulia mama yake hapo.

"Hii yetu si tangazo," akasema. "Hii ni ya kweli. Ndiyo maana nikiiona nakasirika."

"Unamkasirikia nani?"

"Mama." Hakunitazama. "Nilisoma ile karatasi ya kliniki. Wameandika dawa yake ya sukari, ile ya sindano, iliharibika kwa uzembe wa mgonjwa, friji lipo nyumbani. Sasa kama lilikuwepo, Baba, kilimshinda nini kuweka chupa ndani?"

Benita alipofika hapa mara ya kwanza aliniuliza friji lile liko wapi. Nikamwambia tuliliuza wakati wa msiba.

Habari ya wakubwa nimeisimulia kwa kila mwenye masikio, kwenye teksi, kanisani, kwenye foleni ya maji. Kliniki walikuwa wanatoa dawa ya miezi mitatu kwa mwenye friji tu. Asiye nalo arudi kila wiki, na kila wiki mgeni anasimamishwa juani pale getini aonyeshe karatasi za kuishi nchini. Evarista akasema analo. Dawa tukaiweka kwenye friji la soda la Ishaka, mwenye spaza, kile kiduka cha jirani. Januari, jua likichoma mabati, transfoma ikaungua, tukakaa siku kumi na moja bila umeme. Diwani alikuja siku ya tatu, akavaa kofia ya fundi, akapigwa picha chini ya transfoma, akaondoka. Dawa ikaharibika kwa joto, Evarista akafa. Wamemuua mke wangu na wakamwandika mzembe.

Kwa Benita peke yake sikuwahi kuisema, kwa sababu inaanzia kwenye picha.

"Iangalie kama ulivyoangalia ile," nikamwambia.

Akaisogeza machoni. "Mpini wa mlango bado umefungwa nailoni."

"Endelea."

"Waya umefungwa, haujachomekwa popote." Akaielekeza kwenye mwanga. "Mkono wa Mama hauegemei. Unaziba kitu."

"Kadi ya bei."

Sauti ikamtoka ndogo. "Nani aliipiga?"

"Mimi. Nilikuwa mlinzi wa duka lile, Fordsburg. Nilimwingiza asubuhi kabla hawajafungua. Akaniambia, Fabiani, piga upesi, bei hii inaniunguza kiganja. Ndicho kilichomchekesha."

"Kwa ajili ya nani?"

"Yako wewe. Ulikuwa unalia kwenye simu kwamba tumekutupa. Tukataka uone tunakutengenezea mahali."

"Na kilichoachwa nje?"

Nikamwonyesha bati juu yetu, kisha beseni la bluu analofulia Benita kila Jumamosi. "Umeme ulipokatika, mama yako aliitoa dawa kwa Ishaka, akailaza humo, kaizungushia kitambaa kibichi. Kila kikianza kukauka anakilowesha tena. Mzembe hafanyi hivyo."

Benita akaweka kidole juu ya kiganja cha mama yake, pale pale kwenye bei.

"Mwaka wa pili huu namchukia," akasema. "Nawe unaniangalia tu. Kwa nini hukuniambia?"

Nilitafuta wa kumtaja. Kliniki haikunikataza. Diwani hakunifunga mdomo.

"Niliona haya," nikasema.

Akahamia mlangoni na kitabu chake, akanipa mgongo, akaandika mpaka kivuli cha bati kikafika ukutani. Aliandika kwa Kiingereza, nami Kiingereza sikisomi. Mwisho akaifuta picha kwa upindo wa gauni, akairudisha katikati ya kitabu. Kuhusu mama yake najua ameandika vizuri. Kuhusu aliyeipiga picha sikuuliza.