Marehemu Cato na Sheria ya Kusoma

Jumapili ya tatu baada ya kuzikwa, Mzee Cato alirudi kwenye banda la kufulia nguo, saa nne asubuhi, wakati mabwana wako kanisani. Akaomba maji, akaketi juu ya pipa lililopinduliwa, akauliza walikuwa wameishia herufi gani.

"M," alisema Kezia, mfuaji. "Na shati hilo la kuzikiwa nililifua mwenyewe nikalipiga pasi. Hebu tazama ulivyolitia udongo."

"Sasa ulitaka nipitie mlango gani, Kezia?"

Sukey, mpishi, alicheka mpaka akashika mbavu. Ni wao wawili waliokuwa wakifundishwa na Cato mpaka alipokamatwa. Sheria ya North Carolina iliagiza viboko thelathini na tisa kwa mtumwa anayemfundisha mwenzake kusoma. Cato, mtu wa miaka sabini, alikufa kwenye cha ishirini na sita. Vilivyobaki alipigwa vivyo hivyo, maana msimamizi wa shamba hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu.

Siku hiyo walisoma N na O. Jumapili iliyofuata, P na Q, na Sukey akasema Q ni O iliyobanwa mkia na mlango.

Habari hazina miguu lakini hufika. Bwana Haskell, mwenye shamba, alikuja bandani na msimamizi na hakimu. Msimamizi alimchapa Cato viboko vitatu. Likatoka vumbi, kama mkeka unaokung'utwa. Cato akapiga chafya, akaomba radhi.

"Kama umerudi," Haskell alisema, "kesho uwe shambani na wenzako. Tumbaku inaoza."

"Siwezi, bwana. Mchungaji alisema mbele ya kaburi kwamba nimekwenda kwa Bwana wangu wa kweli. Nawe ukasema amina."

"Nilisema kwa adabu tu!"

"Hata hivyo ulisema, bwana. Nilikuwa hapo hapo chini, nikasikia."

Hakimu alivaa miwani, akaisoma sheria tangu mwanzo. Iliwataja weupe, ikawataja weusi walio huru, ikawataja watumwa. Marehemu haikuwataja. Basi akaamua kwamba Cato amehamia kwa mwenye mali mwingine, ambaye mahakama ya wilaya haina uwezo wa kumwita shaurini. Wakaenda kula.

Kwa hiyo masomo yakaendelea. Kufikia majira ya mavuno Kezia alikuwa anaweza kusoma chapa kwenye magunia ya unga, kisha Zaburi, kisha barua zilizosahauliwa mifukoni mwa suruali za Haskell. Katika mojawapo alikuta kwamba anapelekwa Georgia kuuzwa baada ya Krismasi. Aliisoma mara mbili. Kisha akaifua suruali.

"Utaandika cheti cha njia kwa jina la bwana," Cato alimwambia. "Lakini usiandike vizuri mno. Haskell huandika kama kuku aliyekanyaga tope."

Aliandika: *Mruhusuni Kezia wangu apite mpaka bandarini kumwuguza dada wa mke wangu.* Akamkumbatia Sukey, ambaye hakutaka kwenda kwa sababu mama yake alikuwa hawezi kutembea. Akamshika mkono Cato, mkono uliokuwa baridi kama mtungi.

Kivukoni alisimamishwa na mtu wa doria, kijana mweupe aliyebabuka shingo kwa jua, aitwaye Elam. Aliipokea karatasi, akaishika juu chini, akaikodolea macho kwa muda mrefu. Kezia aliona kosa lile, na ulimi ukamwasha. Akauma shavu kwa ndani mpaka akaonja damu.

"Inasemaje hii?" Elam aliuliza.

"Mimi nitajuaje, bwana? Si wewe ndiye uliyeishika?"

Elam akaona haya. Alitikisa kichwa kama mtu aliyefika mwisho wa ukurasa. "Iko sawa. Pita."

Huko Philadelphia, kaskazini kusikokuwa na utumwa, alipata kazi ya kufua, yenye ujira. Mwaka uliofuata alinunua sabuni iliyofungwa kwa gazeti la Carolina, akalinyoosha juu ya meza. Palikuwa na tangazo lake: *Ametoroka mwanamke Kezia, mrefu, ana kovu la pasi mkononi, hajui kusoma wala kuandika.* Alicheka peke yake hadi tajiri wake akachungulia.

Chini yake, safu ile ile, ilichapwa sheria mpya. Kuanzia sasa hakuna mtu, *aliye hai au aliyekufa*, atakayemfundisha mtumwa herufi. Na marehemu aitwaye Cato, aliyekaidi, atapigwa viboko thelathini na tisa kila Jumatatu. Mpishi aliyekutwa naye amekwisha kupelekwa Georgia.

Kezia aliirudia polepole, kidole chini ya kila neno, akitafuta kosa. Hakuliona. Ilikuwa imeandikwa vizuri sana.