Mtumbwi wa Shemeji na Pantoni ya Mataifa

Haya, sogea nikutegee: hawa wana chombo hawana mzigo, wale wana mzigo hawana chombo, wote wamekaa chumba kimoja na hakuna kinachovuka. Usikimbilie kunipa mji, miji ya kupewa ninayo tele. Fikiri kwanza huku nakusimulia.

Mafuriko yalipobeba daraja letu, mataifa yalituletea msaada wa aina mbili. Waliovaa magwanda walikuja na pantoni, lile jukwaa pana la chuma linaloelea. Waliovaa fulana walikuja na dawa, mablanketi na mtambo wa kusafisha maji. Wote wakapewa darasa moja pale shuleni wapange kazi pamoja, na mimi nikapewa birika.

Katikati ya darasa wakachora mstari wa chaki. Huku jeshi, huku raia. Watu wa misaada hawataki kuonekana kundi moja na wenye bunduki, ndiyo kanuni yao. Aliyewasemea alikuwa mama mmoja mrefu tuliyemwita Bibi Fulana. Ng'ambo ya chaki alikaa Kanali, mgeni wa mbali, Kiswahili chake kimepigwa pasi, hakina hata kunjo. Mimi na birika langu tulivuka tulivyotaka, hakuna aliyetuuliza.

Sasa, upande wa pili wa mto kulikuwa na zahanati, na ndani ya zahanati alikuwamo binti yangu, kitinda mimba wangu, tumbo limemfika kidevuni. Kisima chao kilikuwa kimejaa tope. Akanipigia simu.

"Mama, mkunga anasema maji safi yaliyobaki ni ya kunywa tu, na siku zangu ndizo hizi. Huko mkubwa ni nani, nimwombe?"

Nikageuka. "Jamani, mwanangu anauliza, hapa mkubwa ni nani?"

Kanali akamtazama Bibi Fulana. Bibi Fulana akamtazama Kanali. Kila mmoja akanywa chai yake.

"Nitakujibu baadaye, mwanangu," nikasema kwenye simu.

Na mtambo uko uani pale, unauona dirishani. Pantoni iko ukingoni, nayo unaiona. Nadhani jibu la kitendawili umeshalipata: ni lile darasa. Kilichokosekana ni ruhusa. Kanuni ya akina Bibi Fulana inasema mzigo wao haupandi chombo cha jeshi mpaka vyombo vyote vya raia vijaribiwe na vishindwe.

"Basi vijaribuni," Kanali akasema.

Chombo cha raia kilichosalia mtoni kilikuwa kimoja tu, mtumbwi wa shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu. Huyu shemeji akisimama, majirani huulizana kuna nini.

"Shemeji," nikamwambia, "wanataka mtumbwi wako ushindwe."

"Kushindwa?" akasema. "Hiyo kazi naiweza."

Mtambo wenyewe hawakuthubutu kuupakia, wasije wakaulowesha. Wakatafuta uzito wa kulingana nao. Kanali akatoa viroba vya mchanga, Bibi Fulana akavikataa. Viroba ni mali ya jeshi, vitaharibu jaribio la raia. Ikabidi wapande wenyewe: yeye, daktari wao mnene, dereva na mpiga chapa. Wakakaa wima na fulana zao safi, kama wanaosubiri kupigwa picha. Mtumbwi ukatulia kidogo, kama unafikiri, kisha ukaanza kushuka taratibu mpaka maji yakawafika kifuani. Hakuna aliyejitikisa. Ukingoni, askari wakavua kofia.

"Naona kimeshindwa," Kanali akasema.

"Kimeshindwa rasmi," Bibi Fulana akajibu humo humo majini. "Sasa naiomba pantoni yako. Ila bunduki zisipande chombo kimoja na mtambo wangu."

"Askari wangu hasafiri bila bunduki yake. Lazima aione muda wote, kwa macho yake mwenyewe."

Simu yangu ikalia. "Mama, uchungu umeanza. Huyo mkubwa amepatikana?"

"Anatafutwa, mwanangu. Wewe pumua."

Nikaliweka birika chini, kwenye matope. Tangu waje walikuwa hawajaniona mikono mitupu. Wote wawili wakalitazama lile birika, kisha wakanitazama mimi.

"Umesema aione," Bibi Fulana akasema polepole, akikamua fulana. "Hukusema aibebe."

Kanali akautazama mtumbwi, ambao shemeji alikuwa anautoa maji kwa kikombe changu. "Tukiufunga kamba nyuma ya pantoni," akasema, "si kitakuwa chombo kingine?"

"Kingine kabisa."

Ndivyo tulivyovuka. Mbele, pantoni ya jeshi na mtambo wa raia juu yake, na askari wote wametazama nyuma kama abiria waliosahau kitu nyumbani. Nyuma, ndani ya mtumbwi wa raia, shemeji yangu amekalia rundo la bunduki za mataifa, mguu juu ya mguu. Mimi nilikuwa katikati ya pantoni na birika langu. Hata huko mtu alikuwa ameshachora mstari wa chaki.

"Shemeji," akaniita, "mwambie Kanali apunguze mwendo, ananirushia maji."

Nikamwambia. Kanali akapunguza.

Ng'ambo mtambo ukanguruma, bomba likakohoa tope, likakohoa tena, kisha yakatoka maji ambayo ungeweza kujitazama ndani yake. Mkunga alikuwa ameshatega ndoo. Mjukuu wangu alipotoka alioshwa kwa maji hayo, na kelele alizopiga zilisikika kote.

Baadaye Kanali na Bibi Fulana wakaja kumwona mzazi. Wakasimama mlangoni, safari hii hakuna chaki kati yao. Binti yangu akawatazama mmoja mmoja.

"Nimeuliza tangu nina tumbo," akasema, "sasa nina mtoto. Mkubwa wenu ni nani, nimshukuru?"

Bibi Fulana akamtazama Kanali. Kanali akachungulia dirishani, kule mtoni, ambako shemeji alikuwa amejinyoosha ndani ya mtumbwi wake, kofia usoni, kwa sababu bunduki haziruhusiwi kuingia zahanati na lazima abaki nazo.

"Kwa leo," Kanali akasema, "ni yule baba yako mdogo. Silaha zote anazo yeye."