Injinia wa Mawasiliano

Mtu akikuambia antena ndefu hushika stesheni nyingi, mwulize kama fimbo ndefu huchunga ng'ombe wengi. Ephantus alikuwa amechoka kuwaeleza watu jambo hilo. Pale Nakuru, kwenye ile safu ya vibanda vya vipuri alikokuwa akifunga redio na spika za magari, haikupita wiki bila mtu kumletea waya akitaka uongezwe urefu. Lakini gari lililoingia asubuhi ile ya Alhamisi lilimshinda hata yeye.

Ilikuwa Probox nyeupe, imeoshwa ikaoshika. Kando ya kioo cha mbele ilisimama antena ya kuvuta kwa mkono. Juu ya antena palikuwa pamefungwa waya wa hanga, na juu ya waya wa hanga, jamani, kilining'inia kijiko cha chai. Quincy, kijana wa kubandika vioo vya magari tinti kibanda cha pili, aliacha kazi yake akaja kutazama.

"Niaje, Epha. Hii gari inashika redio ama inakoroga chai?"

"Nyamaza. Mwenyewe anashuka."

Mwenyewe alikuwa mzee mrefu mwenye koti la kijivu na kofia ya sufu, na kifuani alikuwa na beji ya wazee wa kanisa. Alisalimia watu wote mmoja mmoja, hata Emmy aliyekuwa akipika chapati ng'ambo ya njia, ndipo akaeleza shida yake.

"Kijana, antena hii haifanyi kazi. Nimebadilisha, nikabadilisha tena. Fundi wa mwisho ndiye aliniambia niweke kijiko."

"Kijiko cha nini, mzee?"

"Alisema chuma ikiwa na tumbo ndiyo inashika vizuri."

Ephantus aliuma mdomo asije akamcheka mteja. Akaingia ndani akazungusha ufunguo, na mara sauti ya mwanamke ikasema kitu kirefu kwa Kijapani, polepole na kwa adabu.

"Asante, mama," mzee akajibu kutoka nje ya mlango. Kisha akamweleza Ephantus, "Huyo ananisalimia kila nikiwasha gari. Sijui anasema nini, lakini ana heshima kuliko majirani wangu."

Ephantus alijua anachosema. Ni kile kidude cha kulipia barabara za kwao Japani, kinalalamika kwamba hakina kadi. Lakini hakuona sababu ya kuwagombanisha watu wanaoelewana.

"Mzee, antena yako haina makosa," alisema. "Redio yenyewe ilitengenezewa Japani, na huko stesheni zinaishia tisini. Yako iko ngapi?"

"Mia na kitu."

"Basi hata ukiweka mlingoti wa bendera, haifiki. Unamngoja mgeni wa Eldoret kwa stage ya magari ya Nairobi. Tutoe hii redio, tuweke yenye inapanda mpaka juu, tukupe na antena fupi ya maana."

Mzee alikitazama kijiko, na ilionekana anawakumbuka mafundi waliotangulia, na si kwa wema. "Weka," akasema. "Lakini spika ziwe za kiasi. Sitaki mimi mambo ya kutingisha madirisha. Nataka kusikia salamu tu."

Akavuta kiti cha plastiki akakaa karibu na mlango, na Ephantus akaanza kufungua dashibodi. Wazee wa aina hii hawawezi kukaa kimya mtu akifanya kazi, na huyu hakuwa tofauti.

"Mke wangu ndiye alikuwa mtu wa salamu," alisema. "Kila Jumamosi. Anasalimia ukoo mzima, anasalimia daktari wa ng'ombe, anasalimia hata watu wenye tumekosana nao. Tulikuwa tunasikiliza kwa pickup yetu ya zamani tukipeleka maziwa. Jina likisomwa, ananipiga kofi hapa kwa bega. Sasa ametangulia, na mimi ndiye natuma. Natangulizanga jina lake. Lakini tangu niuze pickup ninunue hii, natuma tu. Sizisikii zikisomwa."

"Na nyumbani hamna redio, mzee?"

"Iko. Lakini si huko tulikuwa tunasikilizia."

Ephantus akainamia waya zake. "Pole sana, mzee. Unatoka upande gani?"

"Gilgil, huku chini ya kambi. Niulize tu kwa Ndung'u. Baba Tabby."

Bisibisi ikamtoka Ephantus mkononi ikaangukia nyuma ya dashibodi.

Sasa hapa ni lazima jambo lielezwe. Tabby alikuwa muuza mbegu katika duka moja la wakulima pale mjini, na Ephantus alikuwa amempenda hadi akajua aina zote za mahindi bila kuwa na shamba. Walikuwa wameshakubaliana. Kilichobaki ni kijana kwenda Gilgil aonwe na baba, na siku yenyewe ilikuwa Jumamosi hiyo. Shida ni kwamba Mzee Ndung'u, tangu matatu fulani ilipopita mbele ya kanisa na muziki wa kukohoza vioo katikati ya maombi, alikuwa ametangaza mezani kwamba mtu yeyote wa spika hatakanyaga boma lake. Tabby, akiwa na kijiko cha githeri mdomoni, aliulizwa rafiki yake anafanya kazi gani. Akameza, akasema, "Ni injinia wa mawasiliano." Ephantus alipopewa habari hizo alinung'unika, kisha akaenda kununua tai. Baba mtu alikuwa hajamwona hata kwa picha, naye Ephantus alimjua baba kwa ile picha ya arusi tu iliyoko kwenye simu ya Tabby, ambamo mzee alikuwa na nywele nyingi na suruali pana chini.

"Mbona umenyamaza?" mzee aliuliza.

"Natafuta bisibisi."

"Wewe unajua mambo ya waya. Hebu niambie, injinia wa mawasiliano ni mtu wa namna gani? Binti yangu analeta mmoja Jumamosi."

Ephantus aliona heri abaki chini ya usukani. "Ni mtu mzuri, mzee."

"Anafanya nini hasa?"

"Anahakikisha watu wanasikizana."

"Hiyo si ni kazi ya mchungaji?"

"Yeye anatumia waya, mzee."

Mzee alitafakari. "Mimi naogopa hawa watu wa ofisi," akasema. "Mtu wa suti, utaongea naye nini? Lakini heri yeye kuliko watu wa kupiga kelele. Usichukulie vibaya, boss, wewe naona umetulia."

Mtu mwenye akili angefunga redio ya kawaida, akafunga spika za kiasi, akamuaga mzee salama. Lakini mapenzi na akili havikai kiti kimoja. Ephantus aliingia kibandani akatoa spika alizokuwa amejiwekea mwenyewe kwa siku atakayonunua gari, akazifunga zote, mbele na nyuma, na chini ya kiti akasukuma besi iliyokuwa haijatolewa hata karatasi. Alizifunga akijiambia kwamba hata akikataliwa Gilgil, kitu chake kitakuwa kinaimba Gilgil. Antena mpya ikasimama, fupi, imenyooka. Kijiko akakipangusa akakiweka juu ya dashibodi kwa heshima.

Kisha akafanya kile ambacho kila fundi wa redio hufanya bila kufikiri: aliunganisha simu yake mwenyewe na redio mpya, bila waya, akapiga wimbo wa kanisa kupima sauti. Ilitoka safi. Akairudisha simu katika mfuko wa overall, akafunga kifungo, akahamia kiti cha nyuma kukaza spika ya mlango wa kushoto. Simu haikuondolewa kwenye redio. Hilo akalisahau kabisa.

Mzee aliketi kwenye usukani. Akaonyeshwa pa kubonyeza, na ile stesheni yake ikaingia kama mtu aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote akingoja kufunguliwa. Mtangazaji alikuwa akiongea tu habari za bei ya viazi Elburgon, lakini mzee alivua kofia.

"Ndiyo hii," alisema kwa sauti ndogo. "Ndiyo hii yenyewe."

Na hapo viazi vikakatika. Gari lote likaanza kulia, na kwenye kioo cha redio yakatokea maandishi makubwa: MALKIA WA MBEGU.

"Hii nayo ni stesheni gani?" mzee akauliza, akabonyeza kitufe cha kijani.

"Babe, uko?" ikasema sauti ya Tabby, ikitoka mbele, ikitoka nyuma, ikitoka chini ya kiti. "Sikiza haraka. Baba ameleta gari huko Nakuru kutafuta fundi wa redio. Ukiona mzee na Probox iko na kijiko kwa antena, tafadhali jifiche. Usiguse hiyo gari. Na Jumamosi usisahau tai. Akikuuliza, wewe hujawahi kushika spika maisha yako yote. Sema tu mawasiliano. Unanisikia?"

Spika zilikuwa nzuri kweli. Safu yote ya vibanda ilisikia. Emmy aliacha chapati ikaungua huku ameshika mwiko hewani, na Quincy akakaa chini juu ya tairi. Ephantus alikuwa anapigana na kifungo cha mfuko, na kifungo kilikataa kabisa kufunguka.

Mzee Ndung'u akainamia ile redio, akaongea nayo kwa sauti ya juu, kama watu wa zamani wanavyoongea na simu.

"Tabitha."

"Baba?"

"Ni mimi. Hujambo?"

"Sijambo, Baba."

"Spika ni nzuri. Nakusikia kama umekaa hapa kando."

Simu ikakatwa, viazi vya Elburgon vikarudi. Mzee aliinua macho akamtazama Ephantus kwenye kioo cha katikati, maana kijana alikuwa bado kiti cha nyuma, jasho linamtiririka.

"Wewe ndiye injinia?"

"Ndiyo, mzee."

Mzee akavaa kofia. Akachukua kijiko chake kwenye dashibodi akakitia mfukoni. Akalipa bila kuomba kupunguziwa hata kidogo, na hilo ndilo lililomvunja Ephantus moyo, kwa sababu mtu anayefikiria kuwa baba mkwe wako hawezi kukosa kuomba kupunguziwa. Gari likawashwa, yule mama akasema maneno yake ya Kijapani, mzee akajibu, "Asante, mama," na Probox ikaondoka kuelekea barabara kuu.

Ijumaa Tabby alipiga simu akilia. Baba alikuwa amerudi, akala, akalala. "Hata hajanigombeza," alisema. "Akimaliza kukamua anaenda kukaa kwa gari. Usiku pia alikuwa huko. Epha, usikuje kwanza. Wacha nione."

Quincy alimshauri aende na suti mbili, moja ya kuvaa na ya pili ya kukimbilia. Ephantus hakucheka. Aliona haya, haya kabisa. Haikuwa kwa sababu ya kazi yake. Mtu mzima amekusimulia habari za marehemu mkewe, nawe umelala chini ya usukani wake unamdanganya kwa majibu ya kuchekesha. Na alimtaka Tabby kiasi cha kushindwa kumeza chai.

Jumamosi alifungua kibanda mapema, kwa kuwa hakujua mahali pengine pa kuupeleka mwili wake. Tai alikuwa ameivaa, labda kwa ukaidi. Akawasha redio ya gari la mteja lililolala pale, akapandisha kupita tisini, mpaka ikafika kwenye salamu. Zikasomwa za Njoro, zikasomwa za Kihoto kule Naivasha. Halafu mtangazaji akacheka kidogo kabla ya kusoma.

"Hizi zinatoka kwa Mzee Ndung'u, Baba Tabby, Gilgil. Anamsalimu kwanza Mama Tabby, popote alipo. Anawasalimu wazee wa kanisa. Anamsalimu mama mmoja Mjapani anayeishi ndani ya gari lake, huyu sitauliza. Na anamsalimu fundi wa spika pale Nakuru. Ujumbe wake ni mrefu, nausoma wote. Mama Tabby, wiki hii nitakusikia. Yule kijana wa Tabitha nimemwona. Si injinia, ni afadhali, kwa sababu nimeshaongea naye na maneno hayakutuishia. Leo aje kama alivyoalikwa. Tai awaachie wenye ofisi, avae ile overall, ndiyo ninayoijua. Na aje na bisibisi, spika ya nyuma kushoto aliiacha bila kukaza, inakwaruza."

Ng'ambo ya njia Emmy alikuwa ameshaanza kupiga vigelegele, na Quincy alikuwa anatafuta mtu wa kumsimulia ambaye hakuwa amesikia. Ephantus alilishika bega lake mwenyewe, bila kujua kwa nini, akakaa hivyo mpaka salamu zilizofuata zikaisha kusomwa.

Kisha akavua tai, akachukua overall kwenye msumari, akaivaa. Kile kifungo cha mfuko safari hii kilifunguka kwa urahisi. Akatia mkono ndani, na skrubu ya ile spika ya nyuma ilikuwa humo, tangu Alhamisi.