Siku Tulipomtenga Mmarekani

Mimi Odeta sijui kumung'unya maneno, na mume wangu Ngosha alilijua hilo kabla hajatoa mahari, kwa hiyo asije akasema hakuambiwa. Natanguliza haya ili usishangae utakaposikia nilichomfanyia mwaka wa tisini na tisa, mwaka ambao kijiji chetu, hapo nyuma ya kivuko cha Kigongo, kilimtenga Mmarekani.

Chanzo chake ni ng'ombe. Tulikuwa na jozi ya kulimia, mmoja akafa kwa ndigana, akabaki Shimba peke yake. Ng'ombe mmoja havuti plau. Msimu ule tuliazima wa jirani yetu Josephat, na mwenye kuazima hulima mwisho, wenzake wakishapanda. Hata hivyo pamba ilikubali. Niliichambua kwa mkono wangu, safi upande huu, fifi, ile yenye madoa, upande ule, mpaka chumba kikajaa na sisi tukahamia kulala jikoni. Kila nilipolitazama lile lundo nilimwona ng'ombe mpya wa kuvuta plau na Shimba.

Mwezi wa saba akaja Shaibu na mizani. Shaibu ni mtoto wa mjini, wa mzee Muharami aliyekuwa akituletea vitambaa na mafuta ya taa tangu mimi msichana, kwa hiyo si mgeni kwetu. Serikali ilipowaruhusu watu binafsi wanunue pamba, yeye akawa wakala wa kinu kimoja cha kuchambulia pamba huko Mwanza. Alitundika mizani kwenye boriti ya ghala la zamani la ushirika, akaandika bei ya kilo ukutani kwa chaki. Ilikuwa kama nusu ya bei ya mwaka uliopita.

"Shaibu," nikamwambia, "umesahau kumalizia kuandika."

"Shikamoo, mama Dorcas. Ndiyo bei yenyewe. Soko la dunia limeanguka."

"Marahaba. Limemwangukia nani?"

"Sisi sote, mama."

Nilimtazama juu mpaka chini. Shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa. Hakufanana na mtu aliyeangukiwa na kitu.

Siku hiyohiyo mzee Mayala, mtemi wetu wa sungusungu, aliita baraza. Sungusungu ni walinzi wetu wa kijiji, wanaosaka wezi wa ng'ombe, lakini wanaamua na mashauri mengine. Adhabu yao kubwa ni kumtenga mtu. Aliyetengwa hapewi moto wala maji, hasalimiwi, na akifiwa anachimba kaburi mwenyewe. Akitaka kurudi kundini anatoa ng'ombe, na ng'ombe huyo analiwa na kijiji kizima siku ileile. Nimewaona wanaume wenye vifua wakilia kwa adhabu hiyo.

Shaibu akasimamishwa katikati.

"Kijana," alisema Mayala, "watu wanasema umekuja kutuibia."

"Mzee wangu, mimi natumwa tu. Nikinunua kwa bei mnayoitaka, kinu hakiipokei hiyo pamba. Naomba niwaeleze kama bosi wangu alivyonieleza." Akajifuta uso. "Huko Marekani nako wanalima pamba. Sasa bei ikianguka, serikali yao inawalipa wakulima wake kile kilichopungua. Kwa hiyo hawaachi kulima. Wanalima tu, pamba inafurika duniani, bei inazidi kushuka. Hiyo hela wanayolipwa inaitwa ruzuku."

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu.

"Serikali imlipe mkulima?" aliuliza Josephat. "Si mkulima ndiye anailipa serikali?"

"Ndiyo ilivyo huko."

"Na hiyo ruzuku, si ndiyo ileile ya pembejeo waliyotuondolea sisi? Tuliambiwa na wakubwa kutoka nje kwamba ruzuku inaharibu uchumi. Ndiyo maana dawa ya pamba siku hizi najinunulia mwenyewe."

Shaibu akatazama viatu vyake. "Ndiyo hiyohiyo," akasema.

Kicheko kikakatika hapohapo. Mimi nilihisi hasira ikinipanda toka miguuni. Kumbe kile kilichokuwa sumu kwetu kilikuwa uji kwao.

Mayala alikuwa hajacheka tangu mwanzo. "Na anayewalipa hao watu," aliuliza, "anajua kwamba na sisi tupo?"

Shaibu alifikiri. "Kwa kweli, mzee, sidhani."

"Basi mwenye kosa si wewe. Aitwe mwenye kosa."

Kwetu mtu hahukumiwi kabla ya kuitwa. Anaitwa kwa mwano, lile yowe la hatari linalopigwa ng'ombe wakiibwa, na akiitwa mara tatu asitokee anatengwa akiwa hukohuko alikojificha. Basi tukasimama, wanaume kwa wanawake, tukageukia upande wa ziwa maana ndege za kubebea minofu ya sangara hupitia huko zikija kutoka kwa wazungu, tukapiga mwano. Tulipiga ukasikika mpaka kijiji cha pili. Haukupita muda wakatokea wanaume wa huko wakikimbia, marungu mkononi, jasho linawatoka, wakauliza mwizi kakimbilia wapi.

"Marekani," akajibu Mayala, bila kutabasamu.

Wale watu walitutukana sana. Lakini walipoelezwa wakakaa chini, na mwano wa tatu tukaupiga pamoja nao. Hakutokea mtu. Mayala akatangaza kwamba Mmarekani ametengwa.

Hapo ndipo Ngosha, mume wangu, alipoinua mkono. "Tutamnyimaje moto mtu asiyekuja kuomba moto?"

Nilisimama kabla hajakaa. Nikasema anaomba kila siku, ila haombi kwa mdomo. Nikasema mitumba tunayonunua pale Kigongo ni nguo zake, na pamba tunayoiuza kwa bei aliyoishusha ni sawa na kumlimia bure. Asiuze mtu pamba mpaka bei ya mwaka uliopita irudi, na asinunue mtu mtumba. Atakayekiuka, atengwe kama yeye, naye atoe ng'ombe. Maneno hayo niliyasema mimi, kwa sauti yangu, na watu wakapiga makofi. Ngosha naye alipiga, nilimwona.

Shaibu alikula kwangu mchana ule, ugali na sato, kwa sababu yeye aliitwa akaitika. Akashiba, akashukuru, akaondoka na mizani yake tupu.

Mwanzoni ilikuwa raha. Watoto walicheza mchezo wa kumtenga Mmarekani, na hakuna aliyetaka kuwa Mmarekani. Kisha chumvi ikaisha, sabuni ikafuata. Vijiji vingine vilikuwa vimeshauza, tukaona malori yakipita barabarani yamesheheni. Panya wakaingia kwenye lundo. Dorotea, mke wa Josephat, akawa anafua kwa majivu na hakunung'unika. Ngosha hakunung'unika pia, na hilo lilinitia wasiwasi, kwa sababu Ngosha ni mtu wa kunung'unika.

Siku moja nilirudi kutoka ziwani na ndoo kichwani, nikachungulia chumbani. Lundo lilikuwa limebonyea upande wa safi. Mtu mwingine asingeona, lakini pamba ile niliipanga mimi. Jioni Ngosha akaja na baiskeli kutoka upande wa kivuko, amevaa fulana nyeupe yenye maandishi ya Kiingereza kifuani.

"Umeuza," nikamwambia.

"Kidogo tu. Kuna mnunuzi Kigongo, haulizi mtu anatoka wapi. Tutauza kidogo kidogo, mwisho tutapata ng'ombe wako, na hakuna atakayejua."

"Na fulana?"

"Ilikuwa bei rahisi." Alipoona siondoi macho kwenye fulana akaongeza, "Odeta, huyo Mmarekani hajui hata kama mmemtenga."

"Sisi tunajua."

Niliishika ile fulana kwa vidole. Pamba tupu. Huenda ilitoka hapahapa kwetu, ikaenda kuvaliwa na mtu mpaka akaichoka, ikarudi kumvaa mume wangu. Nilitaka kulia, nikakasirika badala yake.

Sitakuficha, nilifikiria kunyamaza. Shimba alikuwa amefungwa pale uani anacheua, na nilijua vizuri ni ng'ombe gani angetolewa kama ningefungua mdomo. Hatuna mwingine. Lakini nikamfikiria Dorotea na majivu yake. Yule mkulima wa mbali bei ikianguka anadakwa na serikali yake. Mimi wa kunidaka ni Dorotea, ni Josephat, ni mzee Mayala. Hiyo ndiyo ruzuku yangu, sina nyingine, na Ngosha alikuwa ameiuza Kigongo kwa fulana.

Nikatoka uani, nikapiga mwano.

Ngosha alinitazama kama hanijui. Wanawake ndio waliofika kwanza, Dorotea mbele, na alipoiona ile fulana hakuhitaji kuelezwa.

"Mkuki kwa nguruwe, mama Dorcas," akasema.

"Kwa binadamu mchungu," nikamjibu. "Usiniongezee."

Walimtenga Ngosha jioni ileile. Hata mke haruhusiwi kumsemesha aliyetengwa, nami sikuomba ruhusa. Nilipika, nikala na binti yangu Dorcas, Ngosha akiwa amekaa upande wa pili wa ua na ugali wake alioshindwa kuupika. Alilala chumbani juu ya pamba. Nilimsikia akikohoa kwa vumbi lake, nikalia kwa kujifunika kanga, kwa sababu nampenda yule mtu na ujinga wake. Asubuhi hakuna aliyemsalimia. Watu walipita na majembe begani, wakamsalimia Dorcas, wakanisalimia mimi, yeye wakampita kama gogo.

Alikaa hivyo mpaka siku moja akasimama mwenyewe, akaivua ile fulana, akaitupa jikoni kwenye moto wangu. Kisha akamfungua Shimba. Hakuniuliza na mimi sikumzuia. Alimvuta mpaka kwenye baraza, akampa Mayala kamba, akasema mbele za watu, "Nilikosa."

Shimba aliliwa siku ile. Nami nililetewa fungu langu na nikala, kwa sababu asiyekula hajasamehe. Nyama ilikuwa ngumu, ya ng'ombe wa kazi. Sijawahi kutafuna kitu kwa uchungu kiasi kile.

Baadaye Shaibu alirudi. Kinu chake kilikuwa kimekaa bila kazi, kwa hiyo akatuongezea kidogo kwenye bei. Haikufika ya mwaka uliopita. Mayala alisema si haba, panya wanakula bila kulipa chochote, basi tukauza wote pamoja siku moja. Fungu langu lisingenunua hata ndama mgonjwa.

Mvua ziliponyesha nilienda shambani na jembe la mkono, mimi na Ngosha, hatusemezani sana. Nikasikia watu. Walikuja wote, Josephat na Dorotea na hata baadhi ya wale wa kijiji cha pili waliotutukana siku ya mwano. Kwetu aliyetoa ng'ombe akaliwa hadaiwi tena neno, na wale wanaolimiana mashamba kwa zamu walikuwa wameamua zamu ianzie kwangu. Kwa mara ya kwanza tangu ng'ombe wetu afe, shamba langu likalimwa kabla ya mashamba ya wengine. Tukapandisha matuta ya viazi vitamu toka mpaka hadi mpaka, viazi vya kula na vya kukausha michembe.

Bwana shamba alitukuta katikati ya kazi. Alishuka kwenye pikipiki, akazunguka shamba lote, akarudi amekunja uso.

"Mama, hili ni shamba la pamba miaka yote. Sheria ya kijiji inataka kila kaya ilime pamba. Sasa pamba ataipanda nani?"

Ngosha aliacha kulima akanitazama. Nilijua alikuwa ananisubiri mimi.

"Kuna mtu analipwa kuilima," nikasema. "Mwambie alime."

Ngosha akacheka, kicheko chake cha kwanza tangu Shimba, akainama, tukaendelea na tuta.