Shikamoo ya Bibi Zita

Naitwa Mektrida, na pale sokoni Mwika hakuna asiyenijua kwa mdomo. Nauza ndizi, mshare za kupika na kisukari za kuiva, na mteja akinipita bila kusimama namwita kwa jina la ukoo wake mpaka aone aibu arudi. Mume wangu Basili, anayepakia malori kule Himo na kurudi nyumbani Jumamosi, husema alinioa ili apumzike kuongea. Sasa mtu wa namna hiyo Mungu akampa binti ambaye nje ya uzio wa nyumba yetu hafungui kinywa.

Evelyn ana miaka tisa. Nyumbani anaongea. Anagombana na kuku, anamwimbia ng'ombe, ananiuliza maswali hadi kichwa kinaniuma. Lakini akitokea mtu mwingine, hata jirani aliyekuja kuomba chumvi, shingo inakakamaa, macho yanashuka chini na sauti inapotea. Shuleni alikuwa amekaa miaka miwili na nusu bila kutamka neno. Anaandika vizuri, hesabu anapata, ila jina lake likiitwa asubuhi, mwenzake wa dawati ndiye aliyekuwa akiitika, "Yupo."

Mwezi wa tisa mwalimu mkuu, Mwalimu Efraimu, aliniita ofisini. Akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi zaidi, kwamba mtoto wangu ni bubu na mahali pake ni shule ya bweni, mbali huko, yenye kitengo cha watoto wasiosema. Fomu alikuwa nayo mezani. Nikamwambia mtoto wangu anaongea kuliko yeye.

"Mama Evelyn," akasema, "mimi sijamsikia, na hakuna mwalimu hapa aliyemsikia. Nakupa mpaka siku ya kufunga shule, Desemba. Aje azungumze na mimi kwa kinywa chake. Asipozungumza, fomu inakwenda."

Nilitoka pale na hasira zangu. Mtoto anayeogopa hata jirani, umpeleke akalale kati ya watu asiowajua? Niliapa kwamba fomu ile haitakwenda, hata kama sikujua nitaizuia kwa njia gani.

Muuguzi wa zahanati ndiye aliyenipa namba. Alisema kuna huduma ya ushauri kwa familia zenye watoto wenye hofu, inafanyika kwa simu ya video, wala huna haja ya kushuka mjini. Alhamisi saa nne asubuhi nikamvalisha Evelyn gauni la Jumapili, nikampaka mafuta, nikamkalisha kwenye kigoda kando ya banda la ng'ombe, maana hapo ndipo mtandao unapokamata. Kwenye kioo akatokea msichana wa Kihindi, kijana tu, nyuma yake kumepangwa makopo ya rangi. Jina lake Shivani. Ofisi yake ni chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi la baba yake, Moshi mjini.

"Shikamoo, mama Evelyn," akasema.

"Marahaba. Mgonjwa ndiye huyu."

"Namwona. Evelyn, karibu. Huna haja ya kuniambia chochote, unaweza kwenda kucheza. Leo nataka kuongea na mama."

Evelyn akaondoka mbio. Mimi nikabaki nimeshika simu. "Mimi siumwi," nikamwambia.

"Najua, mama. Lakini mimi nitakuwa na nyinyi nusu saa kwa wiki. Wewe uko naye siku zote. Dawa yake utampa wewe."

Nilikaribia kukata simu. Mtoto wa duka la rangi, hajazaa, anifundishe mimi kulea? Kilichonizuia ni ile fomu. Nikamwambia aendelee, namsikiliza.

"Mkikutana na mtu mzima njiani," akauliza, "na Evelyn asipomwamkia, wewe unafanyaje?"

"Nafanya kama mzazi yeyote mwenye adabu. Nasema, 'Anakuamkia huyu.'"

"Na yule mtu?"

"Anaitikia marahaba, tunaendelea na safari."

"Na Evelyn hapo anakuwa amejifunza nini?"

Mimi kukosa jibu ni habari ya kutangazwa kanisani.

Akanipa kazi. Kila nitakapomjibia Evelyn, nitoe punje moja ya kahawa mfuko wa kulia wa aproni nitie wa kushoto. Kesho yake jioni nikahesabu punje thelathini na nne. Dukani nilimwombea daftari. Kwa jirani nilisema ameshiba. Kwa katekista nilitaja jina la Evelyn, ingawa katekista alimtazama na kumuuliza yeye. Nilikaa juu ya ndoo nikalia, kwa sababu niliona kazi ya mikono yangu: mwanangu nilimfunga mdomo mimi mwenyewe, tena kwa mapenzi.

Alhamisi iliyofuata nikamweleza Shivani, nikitegemea anilaumu. Hakunilaumu.

"Ulimwokoa kila alipoogopa," alisema. "Mama gani asingefanya hivyo? Ila kila ukimwokoa anazidi kuamini kwamba bila wewe hawezi. Sasa tutampandisha polepole, ngazi moja moja, na wewe utanyamaza."

Ngazi zenyewe Evelyn alizichora nyuma ya kalenda ya parokia ya mwaka jana. Ya chini kabisa, kumtumia Shivani ujumbe wa sauti kwa simu. Ya pili, kuongea uani jirani akiwa anasikia. Halafu kumwamkia bibi yake, kuitika jina darasani, na juu kabisa akamchora Mwalimu Efraimu na miwani yake. Sheria yangu ilikuwa moja: mtu akimsemesha Evelyn, nihesabu mpaka kumi moyoni na mdomo ufungwe. Basili aliposikia hivyo Jumamosi alicheka mpaka akashika ukuta. "Wewe," akasema, "utapasuka."

Ujumbe wa kwanza ulichukua siku nne. Evelyn alikuwa anaingia na simu katikati ya migomba na kutoka bila kitu. Siku ya nne akatuma pumzi zake na sauti ya kuku. Shivani akajibu kwa sauti pia, akamshukuru kuku. Baada ya wiki ukaja ujumbe wenye maneno: "Anaitwa Sista. Ana manyoya meupe kichwani." Niliusikiliza mara sita nikiwa sokoni, na wateja wangu siku hiyo walijichagulia ndizi wenyewe. Kufikia katikati ya Oktoba mwanangu alikuwa anabishana na mtu wa Moshi mjini, asiyemjua, kuhusu nani mwenye akili zaidi kati ya kuku na paka.

Kisha, jirani alipokwisha kumsikia uani, tukafika kwa Bibi Zita, na hapo ndipo nilipoonja joto ya jiwe.

Bibi Zita ni mama yake Basili. Nyumba yake iko upande wa pili wa kihamba chetu, shamba letu la ukoo, hatua mia moja kupitia kwenye kahawa, na ni mwanamke anayetaka kila jambo lifuate utaratibu. Alikuja Jumapili baada ya misa. Nikampa kiti na kumwandalia mtori, supu yetu ya ndizi. Evelyn akasimama mbele yake, mikono nyuma, macho chini. Bibi akasubiri. Mimi nikaanza kuhesabu. Moja, mbili, tatu. Ulimi ulinichoma kama nimetafuna pilipili. Nikafika kumi, nikaanza upya. Bibi Zita akanitazama mimi, akamtazama mtoto, akanitazama tena.

"Mektrida," akasema, "siku hizi hata salamu hapa kwako hakuna?"

Nilifungua mdomo, nikaufunga. Bibi akainuka, akaacha mtori unatoa mvuke, akaenda zake. Evelyn akakimbilia kwenye banda la ng'ombe na hakutoka mpaka jioni.

Nilivunjika moyo, siwezi kudanganya. Wiki ile nilirudia kumjibia kila mahali, punje zikafika ishirini kwa siku. Alhamisi nikamwambia Shivani kwamba huko mjini kwao pengine mtu anaweza kuishi bila kuamkia wakwe, lakini huku mlimani huwezi.

"Mama, unadhani mimi sina bibi?" akaniambia. "Bibi yangu Jasoda usipomgusa miguu kumwamkia asubuhi, huli. Usimfiche Bibi Zita. Mwambie yote."

Nikaenda. Nilimkuta Bibi anaanika kahawa, nikamwamkia, nikamweleza kuanzia fomu hadi punje. Alisikiliza huku anageuza kahawa kwa kiganja.

"Kwa hiyo mtu wa kwenye simu anakukataza kumfundisha mtoto adabu," akasema.

"Hapana, mama. Anataka mtoto aamkie mwenyewe."

Akaacha kugeuza kahawa. "Basi shikamoo zote nilizoitikia miaka hii, zilikuwa zako wewe."

"Zilikuwa zangu, mama."

"Na ya mjukuu wangu sijaipata hata moja."

"Hujaipata."

Akajipangusa mikono. "Basi mimi naidai. Kesho nakuja kuichukua."

Niliogopa atakuja na fimbo. Alikuja na kisu cha jikoni. Nilikuwa nimemweleza masharti ya Shivani: asimtazame Evelyn usoni, asimwombe, asimtishe, na siku akiamkiwa aitikie kawaida tu bila vigelegele. Kwa hiyo Bibi Zita alikuwa anafika kila siku Evelyn akitoka shule, anakaa uani ameupa mgongo mlango, anamenya ndizi zangu. Hakusema neno. Giza likikaribia anasimama, anasema, "Leo bado. Nitarudi," anaondoka. Siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Majirani wakaanza kuuliza kama nimemwajiri mama mkwe. Nilitamani sana kuwajibu, lakini siku hizo nilikuwa kwenye mazoezi.

Siku ya kumi na moja mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Bibi alikuwa kwenye kibaraza na beseni lake. Evelyn alipita nyuma yake na mzigo wa majani ya ng'ombe, akasimama. Mimi nilikuwa jikoni, nikaacha kupuliza moto.

"Shikamoo, bibi."

Ilikuwa sauti ndogo, ungeweza kudhani ni mvua. Bibi Zita hakugeuka. "Marahaba, mjukuu wangu," akasema, na kisu kikaendelea. Evelyn akaenda kwa ng'ombe wake. Nilipotoka nikamkuta mama mkwe bado anamenya ndizi ile ile, imebaki kama kidole, machozi yanamtiririka na hata hayafuti. Nilikaa chini pembeni yake, nikalia naye. Kwa miaka kumi na mbili ya ndoa yangu hatukuwahi kukaa hivyo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda, ingawa si kwa mbio. Mwalimu Aikande, mwalimu wake wa darasa, alikubali kuongea na Shivani kwa simu, akakubali pia asimlazimishe. Mwishoni mwa Novemba Evelyn aliitika jina lake kwa kunong'ona, siku mbili kati ya tano. Nikaenda kumwambia Mwalimu Efraimu. Akasema amefurahi, ila makubaliano yetu ni mtoto kuzungumza na yeye.

Asubuhi ya kufunga shule nilimpigia Shivani. Nilitaka aniahidi. "Siwezi kukuahidi, mama," alisema. "Anaweza akashindwa leo na akaweza mwezi ujao. Akishindwa, nitamwandikia mwalimu barua mimi mwenyewe. Kazi yako leo ni ile ile."

Tukaingia ofisini, mimi na Evelyn. Fomu ilikuwa juu ya meza, jina lake limeshaandikwa kwa wino wa bluu. Mwalimu Efraimu akavua miwani, akainama kidogo ili wawe sawa. Siyo mtu mbaya, nilikuwa namwonea.

"Evelyn, kuna shule nyingine ninafikiria kukupeleka, yenye bweni. Au ubaki hapa. Wewe mwenyewe unataka nini?"

Evelyn akaangalia sakafu. Nikahesabu kumi. Shingo yake ilikuwa imekakamaa vile vile kama zamani. Nikahesabu kumi nyingine. Nje watoto walikuwa wanaimba wakifagia uwanja. Mwalimu akasubiri, haki yake nampa, alisubiri kuliko nilivyotegemea. Halafu akahema, akavaa miwani, akaivuta fomu karibu na kunigeukia.

"Basi, mama Evelyn. Tusaidie wewe. Anasemaje?"

Miezi mitatu ya kujifunga mdomo, na hapo nikashindwa. Jibu nilikuwa nalo, fomu ilikuwa chini ya mkono wake, na yule alikuwa mwanangu. Nikavuta pumzi. Nikasema, "Mwalimu, huyu anataka..."

"Mama, ameniuliza mimi."

Alisema hivyo huku anaangalia sakafu. Maneno yangu yakanifia mdomoni.

"Nataka kubaki hapa," Evelyn akasema, chini chini, kwenye kola ya sweta yake.

Mwalimu Efraimu akatega sikio. "Sijakupata vizuri. Rudia."

Huyu mtu hajui amemwomba nini, nikawaza. Kidogo kile kilichotoka kitarudi ndani na hakitatoka tena. Nilishika ukingo wa kiti kwa mikono yote miwili na nikanyamaza.

Evelyn akainua uso. Alikuwa analia na kamasi zinamtoka. Akamtazama mwalimu mkuu kwenye miwani na kusema kwa sauti ambayo hata karani wa chumba cha pili aliacha kuandika:

"Mimi nabaki hapa. Kwa Mwalimu Aikande. Na nyumbani nalala kwa mama yangu."