Alto wa Tatu Kutoka Kushoto

Katika video ya kwaya, mama yangu Balbina ni wa tatu kutoka kushoto, mstari wa alto. Kinywa kinafunguka, mkono unapanda, gauni la bluu linapeperushwa na upepo wa mashamba ya mpunga. Tulimzika Februari. Sauti yake sina mahali pengine popote; simu yake ilikuwa ya kubonyeza, nami sikuwahi kurekodi maongezi yetu.

Kwa miezi mitatu niliusikiliza wimbo ule kwa hedifoni za sokoni, zile zinazosifiwa kwa besi. Sauti arobaini zilinijia kama uji: mzito, mtamu, lakini huwezi kuchagua punje. Mwishowe nikaenda Mlabani kwa Deus, fundi aliyeirekodi kwaya.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Wewe si mtoto wa Balbina? Hiyo sura hukuiba, ulipewa."

Nikamwambia ninachotaka: kumsikia mama peke yake, hata mstari mmoja. Akazijaribu hedifoni zangu, akacheka.

"Hizi ni za kwenye bodaboda, mwanangu. Besi imewakalia alto. Utamsikiaje mtu aliyekaliwa?"

Akatoa nyingine kwenye mfuko wa kitambaa, kubwa, zenye wavu mgongoni.

"Hizi mgongo uko wazi. Sauti inatoka nje, haigongi ukuta ikarudi kuvuruga inayofuata. Na besi ni ya kiasi, kwa hiyo hata pumzi ya mtu unaipata. Kila mwimbaji nilimpa upande wake; utajua nani kasimama wapi."

Nikazivaa. Mara nilikuwa nimesimama katikati ya chumba. Kushoto mwanamume alikohoa kidogo kabla ya kuanza. Kulia soprano alivuta pumzi. Nikafumba macho, nikawatafuta alto, nikawapata wawili. Mmoja ni Mama Levina, aliyenifundisha katekisimu. Mwingine ana kithembe. Mama hakuwa na kithembe.

Nikahesabu tena. Watu sita tu, sauti zao zimerudiwarudiwa.

"Fundi, wengine wako wapi?"

Deus akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Studio ni hiki chumba. Watu arobaini wangekaa wapi? Kwaya nyingi tunafanya hivyo. Wanaimba wachache, nazipanga sauti zao ziwe nyingi, siku ya video wanakuja wote. Nilidhani unajua."

"Na mama?"

"Alikuwa uani na wenzake wawili, wanawapikia waimbaji. Alisema wali wake unajulikana kuliko sauti yake."

Nilicheka. Deus akanitazama, akasogeza wimbo hadi baina ya ubeti wa pili na wa tatu, kinanda kinaponyamaza.

"Dirisha sikulifunga vizuri siku ile. Huwa naona aibu nikipasikia hapa."

Mbali, nyuma ya kila kitu, mfuniko wa sufuria uligonga. Kisha mwanamke akacheka, kifupi, na mwingine akamwambia nyamaza.

"Walikuwa watatu," Deus akasema taratibu. "Siwezi kukuapia."

"Najua."

Nikamwomba arudishe. Akarudisha, halafu akatoka nje akaniacha na kiti chake. Nikasikiliza mara nyingi, bila kuchagua. Nikawaacha wote watatu wapike.