Foleni ya Walio Sawa

Programu ya kupanga foleni ya zahanati ilifanya kazi bila dosari hadi ilipopata wagonjwa.

Aliyeitunga alikuwa binti wa kaka wa muuguzi mkuu, na muuguzi huyo, shangazi yake, alimwita Injinia kwa sauti isiyobainisha kama ni sifa. Kabla ya kuileta aliijaribu kwa majina manane ya ndugu zake: wenye hali mbaya walitangulia, na waliolingana hali walifuatana kama walivyofika. Asubuhi ya kwanza ukumbi ulijaa. Wa dharura waliitwa mbele, inavyopaswa. Wa kawaida waliitwa ovyo, na mzee aliyefika alfajiri pamoja na mfagiaji alikuwa bado kwenye benchi saa nne, akiikazia macho skrini kama jamaa aliyemgeuka.

Daktari hakupaza sauti. Alisema tu kwamba foleni ya mchana ikivurugika tena, skrini itashushwa, na muuguzi mkuu hatapendekeza tena kitu katika jengo hilo, hata pazia.

"Nimekudhamini mbele za watu," shangazi alimwambia Injinia, akifunga mlango wa stoo ilimokaa kompyuta. "Umeniaibisha."

"Jana ilikuwa sawa, shangazi."

"Jana walikuwa wajomba zako. Hawaumwi wale."

Injinia angeweza kubandika kiraka na kwenda zake, lakini alikuwa ameshikwa na hamu ya kujua. Kompaila, ile programu inayogeuza maandishi ya mtungaji kuwa maagizo ya mashine, haikuwa imelalamika. Nayo huridhika mradi sentensi zimekamilika, haiulizi kama zina busara. Kazi yenyewe ya kupanga, kile kipande cha programu kinachowaweka watu kwa zamu, hakuitunga yeye. Aliichukua katika maktaba ya lugha ya kompyuta aliyoitumia, yaani zile kazi zilizotungwa tayari na kugawiwa pamoja na lugha, ambazo watu huzitegemea maisha yao yote bila kuziona, kama wanavyotegemea mifupa yao. Sasa akaifungua.

"Kumbe!"

"Kumbe nini? Usiniambie kumbe halafu ukanyamaza."

"Zimo njia mbili. Watu wakiwa kumi na wawili au pungufu, kama wale wa jana, inamchukua mmoja mmoja na kumsogeza mpaka mahali pake. Hakuna anayempita aliyelingana naye. Wakizidi hapo, inaona itachelewa. Inamchagua mmoja awe kipimo, walio wagonjwa kuliko yeye inawarusha kushoto, wengine kulia, kisha inarudia kila upande. Ni haraka mno. Ila katika kubadilishana viti, wa kwanza anaweza kuangukia nyuma ya wa mwisho. Machoni pake wote ni wa kawaida."

"Na aliyeandika hivyo hakuona haya?"

"Ameandika hapa juu: mfuatano wa walio sawa hauahidiwi."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Onyo lilikuwa wazi, jambo ambalo halijawahi kumlazimisha mtu kulisoma.

Chini yake palikuwa na kazi nyingine, ya polepole kidogo, iliyoahidi kuutunza mfuatano huo. Injinia akanyoosha vidole. Shangazi akamshika mkono.

"Na hiyo umeifungua?"

Hakuwa ameifungua. Wakaisoma pamoja. Iliikata foleni vipande viwili, ikapanga kila kimoja, kisha ikaviunganisha, ikilinganisha walio mbele wa pande zote mbili.

"Wakilingana?" aliuliza shangazi, ambaye sasa alikuwa amevuta kiti.

"Wa kushoto kwanza. Yaani aliyetangulia kufika. Basi, siri yote ni hiyo."

"Na wakiwa mia?"

"Vilevile."

"Usiniapie. Waweke."

Injinia akaweka majina ya ukoo mzima, marehemu wakiwemo. Hakuna aliyempita mwenzake.

Mchana ukumbi ulijaa kupita asubuhi. Daktari alitoka, akatazama skrini, akatazama benchi, akarudi ndani bila neno. Kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba. Skrini ikabaki ukutani.

Mtu mmoja tu alikuja dirishani kulalamika: seremala aliyefika wa mwisho asubuhi akaitwa wa pili, na ambaye sasa alikuwa amerudi kuonyesha majibu ya vipimo, wa mwisho tena.

"Dada, mashine yenu imeharibika. Asubuhi ilikuwa na akili."

"Imepona," alijibu shangazi. "Kaa, kaka yangu, utaitwa."